Wanawake wa Zamu katika Kasri la Joseon

Katika karne ya 18 msomi mmoja wa Korea, Yi Ik, alipiga hesabu ya watu waliokuwa wakila mchele wa mfalme ndani ya kasri la Joseon, kama ulivyoitwa ufalme wa Korea wakati huo. Akapata matowashi 335 na wanawake 684. Hakuwahesabu kwa kuwasifu. Alikuwa mtu wa mageuzi, aliyeumizwa na mzigo wa kodi uliowalemea wakulima, na machoni pake kasri lilikuwa limejaa walaji. Hata hivyo namshukuru, kwa sababu ni nadra mno wanawake hao kuhesabiwa. Wengi wao hata majina hayakuandikwa. Wanatajwa kwa ukoo na cheo basi: sanggung Kim, sanggung Im, sanggung Eom.

Mimi nilianza kuwafuatilia kwa ajili ya mama mdogo. Hakosi tamthilia za Kikorea, zile zinazotiwa sauti ya Kiswahili, na nilipopata nafasi ya kusoma Seoul alifurahi kuliko mimi. Jioni moja akanitumia ujumbe wa sauti: "Mwanangu, wewe si uko huko huko? Hebu niulizie. Hao wasichana wanaosimama nyuma ya malkia kutwa nzima vichwa chini, wanalala saa ngapi? Na wanaolewa lini?"

Swali la pili jibu lake ni fupi: hawaolewi. La kwanza ndilo lililonifungua macho, maana tangu nianze kutazama tamthilia hizo sijawahi kujiuliza. Tamthilia ina haraka. Kati ya wasichana wote wanaoinama, inamtafuta yule mmoja atakayeonwa na mfalme, na ikishampata wengine wote wanabaki mapambo ya ukumbi. Na kweli wapo walioonwa. Jang Ok-jeong aliingia kasrini kama mtumishi, akawa malkia mwaka 1690, akavuliwa taji mwaka 1694, na mwaka 1701 akaamriwa kunywa sumu na mfalme yuleyule aliyempandisha, Sukjong. Baada ya hapo Sukjong akapiga marufuku suria yeyote kufanywa malkia. Suria wake mwingine, wa ukoo wa Choe, husimuliwa kuwa alianza kama mchota maji wa kasri. Mwanawe, Yeongjo, akatawala kuanzia 1724 hadi 1776, muda mrefu kuliko mfalme mwingine yeyote wa Joseon.

Hadithi hizo ni za kweli na nzito. Lakini mama mdogo aliuliza kuhusu wengine, na mimi nasimama upande wake. Wanawake 684 hawakuwa wakingoja kupendwa. Walikuwa kazini. Walikuwa na vyeo, zamu, posho, wakubwa wa kuwaogopa na ujuzi uliochukua miaka 30 kuukamilisha, na bila wao mfalme asingekula, asingevaa, asingelala.

Joseon ilidumu kuanzia 1392 hadi 1910, na miaka ya mwisho 13 ikajiita dola. Sheria yake kuu, Gyeongguk Daejeon, iliyoanza kutumika rasmi mwaka 1485, iliwapanga wanawake wa kasri kama ilivyowapanga maofisa wa serikali. Malkia alikuwa juu ya ngazi zote. Chini yake kulikuwa na madaraja 9, kila moja likigawanywa mara mbili. La 1 hadi la 4 yalikuwa ya masuria. La 5 hadi la 9 yalikuwa ya wanawake wa kazi, na kileleni mwao alikaa sanggung, bibi msimamizi wa daraja la 5 la juu. Hapo ndipo jasho la mtu lilipogota. Mwanamke angeweza kutumikia miaka 50 asivuke daraja hilo, kwa sababu la 4 lilifikiwa kwa kitanda cha mfalme tu.

Masanggung nao hawakuwa sawa. Mkubwa wao wote alisimamia hazina ya ndani na kupokea amri za mfalme mdomoni mwake, na mawaziri walijipendekeza kwake. Kulikuwa na aliyekaa karibu na mfalme saa zote, waliowalea wanawafalme, na yule aliyeogopwa kuliko wote, msimamizi wa nidhamu, aliyekuwa na mamlaka ya kuwaadhibu wenzake.

Wasichana hao walitoka wapi? Kwa sheria walitakiwa kuchukuliwa miongoni mwa watumwa wa ofisi za serikali, na sheria iliyotolewa mwaka 1746 ilimwekea adhabu yeyote atakayemwingiza kasrini binti wa watu huru. Maisha hayakufuata sheria hiyo sana. Katika karne za mwisho waliingia mabinti wa familia za kawaida, mara nyingi kwa mkono wa shangazi au jamaa aliyekwishatangulia. Katika enzi ya Hyojong, miaka ya 1650, uvumi tu kwamba kasri linatafuta wasichana ulitosha kuwafanya wazazi waharakishe kuwaoza binti zao, hata wenye umri wa miaka 10 na kidogo. Mzazi anayemwoza mtoto ili kumwokoa! Nimelisoma jambo hilo mara nyingi na bado linanikaa kooni.

Walioingia kutumikia vyumba vya ndani vya mfalme na malkia, idara iliyoitwa jimil, walianza wakiwa na miaka 4 au 5. Wa kushona na kudarizi waliingia na miaka 6 au 7. Wa jikoni, dobi na kwingineko walisubiri hadi 12 au 13. Wanawake wa mwisho wa kasri walisimulia kwamba wale wakubwa kidogo walipimwa ubikira kwa tone la damu ya kasuku mkononi: likishika, amepita, likiteleza, arudi kwao. Nani asiyejua kwamba tone la damu huteleza au kushika lenyewe tu? Lakini safari ya maisha ya mtoto iliamuliwa hapo.

Sisi tuliolelewa na dada wa kazi aliyeletwa kutoka kijijini, mtoto akimbeba mtoto mwenzake, tunaweza kuiona sura ya kibinti huyo usiku wake wa kwanza bila kuelezwa sana. Tofauti ni kwamba dada wa kazi huenda kwao sikukuu. Huyu kasri lilikuwa limemchukua moja kwa moja.

Somo la kwanza lilikuwa kufunga mdomo, na lilikuwa na sherehe yake. Usiku wa mwisho wa mwaka, vibinti wapya walipangwa mstari uani gizani. Kila mmoja aliwekewa kipande cha unga uliokandwa mdomoni, kisha akafungwa kitambaa juu yake. Matowashi vijana wakatokea na mienge inayowaka, wakawasogezea moto usoni huku wakipiga kelele kwamba wanaichoma midomo ya panya. Panya ndio wao: mdomo mdogo unaotafuna siri. Wakubwa walisimama pembeni kuangalia, na watoto, kama watoto wote, walilia kwa hofu. Asubuhi yake walikuwa wameelewa kwamba lolote watakaloliona ndani ya vyumba vile halitoki.

Baada ya hofu yalikuja masomo. Watoto wa jimil walifundishwa kusoma na kuandika Hangul, alfabeti iliyotangazwa na Mfalme Sejong mwaka 1446, pamoja na maadili na lugha ya kasri. Hapa ndipo napenda kusimama kidogo. Malkia na mabinti wa kifalme walituma barua nyingi, na nyingi kati ya hizo ziliandikwa kwa mkono wa wanawake wa kasri. Kizazi baada ya kizazi, wakinakili barua, nyaraka na riwaya, walitengeneza mwandiko wao: mistari wima iliyonyooka, kila herufi ikiegemea upande wake wa kulia kwenye mstari usioonekana, wino mwembamba usiotetemeka. Mwandiko huo, unaoitwa gungche, hadi leo hufundishwa katika madarasa ya kaligrafia, na umo kwenye kompyuta za Wakorea kama fonti. Maofisa wa kiume wa wakati ule walizama katika maandishi ya Kichina na kuidharau Hangul kuwa ya wanawake. Wanawake wakaipa uzuri wake.

Miaka 15 baada ya kuingia, msichana alifanyiwa sherehe ya utu uzima na kuwa nain, mtumishi kamili. Nywele za kitoto zilifumuliwa na kufungwa upya, akavaa mavazi ya sherehe, ndugu zake wakaandaa vyakula na zawadi. Ilikuwa harusi isiyo na bwana harusi. Kuanzia siku hiyo alihesabika kuwa mwanamke wa mfalme, hata kama mfalme hangemtupia jicho maisha yake yote. Kisha ikahitajika miaka mingine 15 ndipo awe sanggung. Aliyeingia na miaka 5 alikipata cheo akiwa na 35. Wa jikoni alikaribia 45.

Sasa turudi kwenye usingizi. Ukifika Gyeongbokgung, kasri kuu la Seoul, pita ukumbi wa enzi, uendelee nyuma hadi Gangnyeongjeon, nyumba ya kulala ya mfalme. Iliyopo leo ni ya kujengwa upya, lakini mpango wake ni uleule. Watalii wengi huchungulia mara moja na kuondoka kwa sababu ndani hamna kitu, sakafu tupu na milango ya karatasi. Mimi huwa nasimama pale nikihesabu vyumba. Kila upande wa ukumbi umegawanywa vyumba 9, vitatu kwa vitatu. Mfalme alilala cha katikati. Hakukuwekwa kabati wala samani, asije adui akajificha au kitu kikageuzwa silaha. Katika vyumba vinavyokizunguka walikaa masanggung wa zamu, macho makavu, karatasi tu ikiwatenganisha na pumzi za mfalme. Wa jimil walipokezana kwa zamu za saa 12. Idara nyingine zilifanya kazi siku moja na kupumzika siku inayofuata. Basi mama mdogo, jibu lako ni hili: walilala mwenzao alipokuwa macho.

Chini ya sakafu hiyo moto uliwaka, maana nyumba za Korea hupashwa joto kwa moshi unaopitishwa chini. Walikuwapo wanawake wa kuchochea moto, na wa kupeleka maji ya kunawia, na wa kuwasha taa. Walikuwapo madobi waliofua, kutia rangi na kupiga nguo kwa virungu hadi hariri ing'ae. Walikuwapo wachota maji, musuri, waliokuwa nje kabisa ya ngazi za vyeo. Mfalme hakwenda chooni, choo kilimfuata. Kilikuwa kiti cha mbao chenye bakuli la shaba na majani makavu yaliyokatwakatwa ndani. Mtumishi alikileta, akakiondoa kikiwa kimefunikwa, na kilichomo kikapelekwa kwa matabibu wakakikague wajue mfalme ameamkaje. Lugha ya kasri iliita kitu hicho ua la mplamu. Nalitaja hili kwa heshima: kuna mwanamke aliyebeba bakuli hilo miaka 20, na afya ya nchi nzima, kwa jinsi walivyoiona wao, ilipita mikononi mwake.

Jikoni kuna jambo moja ambalo tamthilia zimelipindisha. Tunaonyeshwa wanawake peke yao mbele ya majiko. Lakini sheria ile ya 1485 ina orodha ndefu ya wapishi wanaume chini ya ofisi ya Saongwon, na karamu kubwa zilipikwa na wanaume. Wanawake walipika pia, hasa milo ya kila siku na vitafunwa, na mezani ndipo walipotawala. Mlo wa mfalme ulipangwa kwenye meza tatu fupi. Masanggung watatu walikaa nazo: mmoja alionja kila kitu kabla ya mfalme, mmoja alifunua vifuniko na kusogeza sahani, mmoja alipika mchuzi wa moto palepale. Mwonjaji alionja akijua kwa nini anaonja. Mfalme akishakula, meza zilirudishwa nyuma, na wanawake wa jimil wakala kilichobaki.

Huenda tusingejua mengi ya meza hiyo kama si mwanamke mmoja, Han Hui-sun, aliyezaliwa mwaka 1889 na kuingia jikoni la kasri akiwa na miaka 13. Ufalme ulipovunjika yeye aliendelea kupika. Miaka ya 1940 mwalimu kijana, Hwang Hye-seong, alimfuata hadi Nakseonjae, nyumba ya pembeni katika kasri la Changdeokgung, kujifunza, na akaendelea naye kwa takriban miaka 30, akiandika kile ambacho sanggung alikijua kwa mkono na ulimi tu. Mwaka 1971 serikali ya Korea Kusini iliyatangaza mapishi ya kasri kuwa urithi wa taifa na kumtaja Han kuwa mshikaji wake wa kwanza. Alifariki mwaka uliofuata. Hwang akashika nafasi yake, kisha binti wa Hwang, Han Bok-ryeo, ambaye ndiye aliyesimamia vyakula katika ile tamthilia ya mwaka 2003 ya kituo cha televisheni cha MBC kuhusu Jang-geum, mpishi wa kasri. Vyakula tulivyovimezea mate kwenye skrini vilikuja kwa njia hiyo.

Jang-geum mwenyewe, niseme kwa ufupi, alikuwa mtu wa kweli, ila alikuwa tabibu. Wanawake matabibu walianza kufundishwa mwaka 1406, kwa sababu wanawake wa tabaka la juu waliona afadhali kufa kuliko kuguswa na tabibu mwanaume. Kumbukumbu rasmi za enzi ya Jungjong zinamtaja Jang-geum mara chache, kuanzia 1515 hadi 1544, na katika ugonjwa wake wa mwisho mfalme alisema kwamba hali yake huyo tabibu mwanamke ndiye anayeijua. Habari za kupika ni za watunzi.

Sheria kuhusu mapenzi zilikuwa kali mno. Mwanamke wa kasri aliyelala na mwanaume alikatwa kichwa, na mwanaume naye. Hata aliyeruhusiwa kutoka hakuachwa huru. Ofisa aliyethubutu kumwoa alipigwa viboko 100. Wanawake waliishi wawili wawili chumbani, tangu utotoni hadi uzeeni, na wengine walipendana. Sejong alilijua hilo. Mwaka 1436 alimfukuza mke wa mwanawe mrithi, wa ukoo wa Bong, kwa kulala na mtumishi aitwaye So-ssang, na kumbukumbu zinaeleza kwamba watumishi waliokutwa hivyo walipigwa viboko 70, na waliposhindikana 100. Sejong ni mfalme ninayemheshimu kwa mengi. Hapa nawahurumia waliopigwa.

Hata hivyo kuna mmoja aliyesema hapana mbele ya mfalme, na tunajua kwa sababu mfalme mwenyewe aliandika. Seong Deok-im alikuwa mtumishi aliyekulia kasrini. Mkono wake ni mmoja wa ile iliyonakili riwaya pamoja na mabinti wa kifalme. Mwaka 1766 mrithi wa kiti, ambaye baadaye angekuwa Mfalme Jeongjo, alimtaka. Akakataa akilia, kwa sababu mke halali wa mwanamfalme alikuwa hajapata mtoto. Ombi lake likasikilizwa. Miaka 15 baadaye Jeongjo, sasa mfalme, akamtaka tena, naye akakataa tena. Alikubali baada ya mfalme kumwadhibu mtumishi wa Seong. Akazaa mwana mwaka 1782; mtoto akafa mwaka 1786, na miezi michache baadaye Seong akafa akiwa mjamzito. Jeongjo aliandika yote hayo katika maneno ya kaburi lake. Wengi huisoma kama hadithi ya mapenzi makubwa, na huenda mfalme alimpenda kweli. Mimi naona mwanamke aliyekataa mara mbili: mara ya kwanza alisikilizwa, na mara ya pili shinikizo lilimwangukia mtu wa chini yake.

Kutoka kasrini kulikuwa kwa sababu chache. Aliyeugua sana aliondoka, kwa kuwa hakuna asiye wa familia ya kifalme aliyeruhusiwa kufia ndani. Na mvua ilipogoma. Watawala waliamini kwamba uchungu wa wanawake wengi waliozuiwa kuolewa unavuruga mizani ya mbingu na ardhi, hivyo ukame ukizidi mfalme aliwatoa baadhi yao ili mbingu ilegee. Kwa hiyo walijua! Waliandika kwa mkono wao kwamba maisha yale yalikuwa uchungu wa kutosha kukausha mashamba, na mvua ikishanyesha wakachukua vibinti wengine.

Siasa ziliwafikia kabla ya mabwana zao. Mwaka 1613, Mfalme Gwanghae alipomshuku Malkia Inmok na mwanawe mdogo, wanawake wa malkia ndio walioteswa na kuuawa kwa kuhojiwa. Alfajiri ya tarehe 8 Oktoba 1895, wauaji wa Kijapani walipovamia Gyeongbokgung kumtafuta Malkia Min, waliwaburuta wanawake wa kasri kwa nywele wakiwauliza malkia ni yupi, na kadhaa wakauawa pamoja naye. Vitabu vinalikumbuka jina la malkia, na ni haki. Waliokufa karibu yake ni "wanawake wa kasri" tu.

Siku chache baadaye akarudi kasrini sanggung Eom. Alizaliwa mwaka 1854, akaingia kasrini akiwa mtoto, akapanda hadi sanggung, na mwaka 1885 Malkia Min alimfukuza baada ya kugundua kwamba Mfalme Gojong amemtaka. Kwa miaka 10 alikaa nje. Sasa alirudi kwenye kasri ambalo mfalme wake alikuwa kama mfungwa, akizungukwa na waliomuua mkewe, akiogopa kulishwa sumu.

Alichokifanya Eom kilihitaji mtu anayejua zamu. Walinzi wa malango walikagua kila kitu isipokuwa machela zilizofungwa za wanawake. Inaelezwa kwamba kwa siku kadhaa machela za wanawake zilianza kutoka na kuingia, kutoka na kuingia, mpaka walinzi wakazizoea na kuacha kuzitazama. Alfajiri ya tarehe 11 Februari 1896, baridi kali, machela mbili zikatoka kama kawaida. Ndani yake mlikuwa na wanawake wa kasri, na nyuma ya migongo yao mfalme na mrithi wake. Zilielekea ubalozi wa Urusi mtaa wa Jeongdong, na Gojong akakaa huko takriban mwaka mzima. Hatua ile ilifungua mlango wa matatizo mengine, na wanahistoria wanaibishania hadi leo. Ila nikiwaza jinsi ilivyofanyika, namwona mwanamke aliyekaa maisha yake akihesabu nani anapita lango gani saa ngapi, na aliyejua kwamba hakuna anayewatazama watu kama yeye.

Oktoba 1897 akamzalia Gojong mwana, Yi Un, akiwa na zaidi ya miaka 40. Akapewa vyeo vikubwa. Ardhi na fedha alizozipata alizitoa kwa shule: aliisaidia Yangjeong ya wavulana mwaka 1905, na mwaka 1906 akaanzisha mbili za wasichana, Jinmyeong na Myeongsin. Mwishoni mwa 1907 mwanawe, mtoto wa miaka 10, alichukuliwa kupelekwa Japani kwa jina la masomo. Eom alifariki Julai 1911 kwa homa ya matumbo, hajamwona tena.

Baada ya Japani kuimeza Korea mwaka 1910, kasri lilibaki bila nchi, lakini si bila wanawake. Mjane wa mfalme wa mwisho, Sunjeonghyo, aliishi Nakseonjae na kikundi kidogo cha masanggung. Vita vya Korea vilipolipuka walikimbia naye hadi Busan. Serikali ilipomnyima nyumba yake waliishi naye nje. Aliporuhusiwa kurudi mwaka 1960, wakarudi naye. Alifariki mwaka 1966. Mdogo wao, Seong Ok-yeom, aliyeingia mwaka 1935 akiwa msichana, alifariki mwaka 2001, na ndiye anayehesabiwa kuwa wa mwisho.

Myeongsin, ile shule ya Eom, ilikua na kubadili jina; leo ni familia ya shule na Chuo Kikuu cha Wanawake cha Sookmyung, hapa Seoul. Katika miaka ya 1950 na 1960 chuo hicho kilimwita bibi mmoja mzee kufundisha mapishi. Alikuwa Han Hui-sun. Wanafunzi wake walikuwa wasichana wa miaka 20 hivi, umri ambao yeye jikoni kasrini alikuwa bado anangoja sherehe yake ya nywele. Walijifunza kukata, kukaanga na kupanga sahani 12 za mfalme, kisha wakachukua shahada zao wakaenda walikotaka.